Mama Mkwe, Kuku na Kuni Mbichi

Kazi yangu ni kupanga gunia. Nasema mapema usije ukafikiri unasoma mambo ya mtu mkubwa. Wakati wa mavuno, mahindi ikianza kuingia kwa stoo za Moi's Bridge, mimi ndiye yule mtu unaona juu kabisa karibu na mabati, amejifunga shati kichwani, anapiga kelele "leta! leta!" kama ameibiwa. Gunia ikipangwa na mimi haianguki. Kona nafunga vile fundi anafunga tofali, moja ikilala hivi, ingine ikilala hivi, na katikati nabananisha mpaka panya ikitaka kupita iombe ruhusa. Shule niliachia form two, tukakubaliana na shule kila mtu aende njia yake bila ubaya. Lakini kwa kupanga gunia niko na digrii, tena ile ya kuvalia joho.

Hiyo digrii ndiyo iliniponza.

Kwangu ni nje ya Eldoret, ukishapita Chepkoilel ukiangalia upande wa Soy. Kaploti kadogo. Kuna nyumba, kuna jikoni ya nje, na ubavuni mwa jikoni kuna kachumba tulikuwa tunaweka mahindi yetu wenyewe. Mimi na mke wangu sote tulitoka magharibi, upande wa Kakamega, tukaja huku kutafuta maisha. Tumeyapata, ingawa si yale makubwa.

Sasa mwaka huo mke wangu akapigiwa simu kutoka kwao. Mama yake macho yote mawili yalikuwa yameingia mtoto wa jicho. Alikuwa anamimina chai kando ya kikombe halafu anauliza nani amekunywa. Alikuwa mjane, anaishi peke yake, na ni mama mwenye kiburi hivi, hawezi kukuambia haoni. Anasema tu siku hizi jua si kali. Tukaamua akuje Eldoret. Daktari akasema atapasuliwa jicho moja, wangoje lipone vizuri, ndio wapasue la pili. Katikati hapo asiinue vitu, asiiname sana, na zaidi ya yote asikae kwa moshi.

Mimi hapo kwa moshi sikushtuka. Nilishtuka kwa kulala.

Kwetu mtu na mama mkwe wake wanaheshimiana mpaka inauma. Hamsalimiani kwa mkono. Hamkai meza moja. Nikikutana naye kwa njia, mimi naingia shambani kwa watu kama nimeona nyoka, naye anageuza uso kama ameona mbaya zaidi. Na kulala chini ya paa la mkwe wake, hiyo hata umwambie ni amri ya serikali, hatalala. Mke wangu alijaribu kumweleza kwamba siku hizi watu wa mjini wanalala tu. Mama akamwambia, "Basi niwekee mkeka kwa watu wa mjini."

Kwa hivyo tukatoa mahindi kwa kale kachumba, tukapiga sakafu saruji, tukaweka kitanda. Paa lake ni lile la jikoni, si langu, tukahesabu hivyo na yeye akakubali. Shida moja tu. Ukuta kati ya jikoni na kale kachumba haukufika juu. Ulikoma hapo kwa bega la mtu mrefu. Moshi wa jikoni ukipanda, unaruka ukuta kama mwanafunzi wa bweni.

Mke wangu akaniambia, "Baba watoto, mama yangu akikuja nataka kuni kavu. Sitaki mchezo."

"Mimi tena?" nikamwambia. "Wewe ngoja uone."

Wakati huo Mungu alikuwa ameniletea mti. Jirani yangu, mzee mmoja Mkalenjin mwenye ng'ombe wengi na maneno machache, upepo ulikuwa umeangusha gamu yake kubwa, ule mkaratusi, ikalalia fensi. Nikaenda kumwomba. Akaniangalia, akaangalia mti, akaniangalia tena.

"Wewe utaweza hii?"

"Mzee, mimi nabeba gunia."

"Gunia imekatwa tayari," akasema. "Chukua. Lakini toa yote, hata matawi. Ng'ombe yangu inajikwaa."

Mti ulikatwa vipande na kijana wa msumeno wa petroli, hapo sikugusa, napenda miguu yangu. Lakini kupasua nikasema ni mimi. Nikaazima shoka. Nikasimamisha gogo la kwanza, nikatemea mate kwa mikono kama nilivyoona watu wakifanya, nikapiga katikati kabisa. Shoka likaingia likakwama. Nikalivuta halikutoka. Nikaliinua pamoja na gogo, nikapiga chini, gogo likarukia upande, likanibeba mimi na mpini. Watoto walikuwa wamekaa kwa ngazi kama watu wamelipa tikiti.

Siku ya pili shoka lenyewe lilichomoka. Niliinua, nikashusha, nikapata nimeshusha mpini peke yake. Kichwa cha shoka kilikuwa kimeenda safari zake, kikatua juu ya mabati ya choo, na mke wangu alikuwa ndani. Alitoka ameshikilia mlango, akaangalia juu, akaangalia chini, akaniuliza kama ni Yesu amerudi.

Lakini nilipasua. Niliipasua ile gamu yote, kwa ubishi tu, nikalala na mikono imefura kama mandazi. Halafu ikafika sehemu yangu sasa, ile yenye digrii. Kupanga.

Nilipanga hizo kuni kama gunia. Kona nikafunga. Katikati nikabananisha, kipande na kipande, hakuna nafasi hata ya kuingiza kidole. Zile zenye mgongo nikazigeuza zikae sawa. Uso wa mbele ulikuwa umenyooka kama ukuta wa benki. Mvua ilikuwa imeanza, ile ya Eldoret ya kila mchana, kwa hivyo nikaleta turubai ya stoo, ile tunafunikia mahindi, nikafunika juu, nikafunika pande zote, nikafunga kwa kamba mpaka chini. Mahindi ikifunikwa hivyo tone halipiti. Nikapiga picha, nikatumia wenzangu wa stoo. Mmoja akanijibu, "Kazi safi. Ni gunia ngapi?"

Nikamwita mke wangu. Akazunguka, akaguza turubai. "Itashika moto?"

"Hii? Hii ukiiangalia vibaya inashika."

Mama mkwe alitolewa hospitali jicho limefunikwa na kale kakifuniko kenye mashimo. Mke wangu akamwongoza hadi kwa kachumba, mimi nikiwa nimejificha nyuma ya tangi la maji kwa heshima. Jioni hiyo mke wangu akatoa kuni zangu, akawasha moto wa kupikia maharagwe.

Nikwambie ukweli, hiyo haikuwa moto. Ilikuwa tangazo. Moshi ulitoka mzito, mweupe, ukajaa jikoni, ukaruka ukuta. Kuni zilikuwa zinalia *ssss* na kutoa povu kwa ncha kama mtu anayepiga meno mswaki. Mke wangu anapuliza, anakohoa. Ng'ambo ya ukuta nikasikia kikohozi cha pili. Halafu mama akatoka nje, mkono umeshika ukuta, jicho lile lisilofunikwa linatiririka, na lile lililofunikwa nalo linatiririka chini ya kifuniko.

Akakaa kwa kigoda. Karibu naye kulikuwa na kuku ya mke wangu, moja ilikuwa imenyonyoka mkia. Mama akaiangalia kuku.

"Kuku," akasema kwa sauti ya kufika kwa tangi la maji, "hapa mnapika ama mnafukiza nyuki?"

Mimi nyuma ya tangi nikachuchumaa zaidi.

"Mwambie mwenye nyumba mimi nashukuru. Nimekula, nimelala, nimepasuliwa. Jumamosi naenda nyumbani."

Mke wangu akatoka jikoni mbio. "Mama, na jicho la pili?"

"Moja linatosha. Mungu alitupa mawili ili moja likae akiba."

"Na nyumbani si kuna moshi pia?"

"Moshi wa kwangu naujua tabia."

Usiku tukaingia kulala. Mke wangu alisema kitu kimoja tu. "Akienda hatarudi. Namjua mama yangu. Atasema nauli, atasema mvua, atasema kuku zake. Na hilo jicho lingine litaenda." Hakulia. Angelia ingekuwa rahisi, ningesema pole. Aliangalia ukuta tu, na mimi nikajua mtu anayeenda kumpofusha mama mkwe wake ni mimi, kwa ukuta wangu wa benki.

Mtu akiniuliza mbona hatukupika tu kwa gesi: gesi tuko nayo, ile ndogo ya chai. Mke wangu alisonga ugali kwa gesi kesho yake. Mama akauonja, akausifu, akauweka chini, hakuugusa tena. Na mchana kutwa akawa anauliza jikoni mbona kumenyamaza, kwani kumekufa mtu. Huyo mama ameishi maisha yake yote kando ya moto. Ukimwondolea moto, umemfukuza kwa heshima.

Asubuhi ya siku hiyo hiyo nikafungua turubai. Wacha niseme vile niliona. Mvuke ulitoka. Upande wa ndani wa turubai kulikuwa na matone yamejipanga kama jasho kwa paji la uso. Na kwa ukuta wangu, katikati hapo nilikobananisha kuliko kote, kulikuwa kumeota uyoga. Mweupe, mzuri, wa kupika.

Nilikuwa nimesimama hapo nikiangalia uyoga, nyuma yangu nikasikia kigoda kikivutwa. Sikugeuka. Nilijua ni nani.

"Kuku," akasema mama, "nasikia harufu ya uyoga. Ama ni kuzeeka?"

Kumjibu mama mkwe ana kwa ana siwezi. Kunyamaza pia ni dharau. Basi nikaangalia kuku. Nayo ikaniangalia, nadhani ilianza kuona kazi inakuwa nyingi.

"Kuku," nikasema, "mwambie mama sio kuzeeka. Ni uyoga."

"Kuku, muulize huyo mtu alipanga hizo kuni kama nini."

"Kuku, mwambie nilipanga kama mahindi."

Nikasikia sauti sijawahi kuisikia kwa huyo mama tangu nioe. Alikuwa anacheka. Alicheka mpaka mke wangu akatoka ndani akipiga kelele, "Mama, jicho! Daktari alisema usicheke!" Daktari hakusema hivyo, lakini mke wangu akiogopa anaongezea sheria zake.

"Kuku," mama akasema akishapumua, "mwambie mahindi imekauka ndio inafichwa. Kuni inawekwa nje ndio ikauke. Inataka upepo upite kati kati, kama watu kwa soko. Na hiyo gamu alipasua kwa kupiga katikati, si ndio? Nilisikia. Nilikuwa hospitali nikasikia. Mwambie gamu inapasuliwa kutoka pembeni, unaikata ukiizunguka, kama mtu anakula mkate kutoka kwa ganda. Katikati unafika mwisho, ikishachoka."

Hospitali iko mbali sana na kwangu. Lakini sikubishana na kuku.

Hiyo ilikuwa Alhamisi. Jumamosi ndio siku yake ya kuondoka, na mkoba wake ulikuwa tayari umefungwa na kitambaa na umekaa mlangoni. Gamu yangu, hata ningeipulizia na mdomo, haingekauka kwa siku mbili. Nilihitaji kuni kavu sasa hivi, wakati wa mvua, na Eldoret yote imelowa.

Nikarudi kwa mzee jirani. Pale kwa mpaka wa shamba lake kuna miti ya wato, ile yenye ganda jeusi walikuwa wanapanda zamani watu wa kiwanda cha ngozi. Mingine ilikuwa imekufa ikiwa imesimama, imebaki kama mifupa. Kuni iliyokufa imesimama haishiki maji, maji inaiteremka tu. Hiyo pia nilifundishwa na kuku asubuhi ile.

"Mzee, hiyo wato imekufa, naomba."

"Ile gamu imeisha?"

"Ile gamu inaota uyoga."

Mzee hakucheka. Aliingia kwa nyumba, nadhani kucheka.

Mimi na mke wangu tukaenda na panga. Tunavunja matawi, tunasikiliza. Likivunjika *ka!* linaenda kwa mzigo. Likikunjika likilalamika, tunaacha. Tukaokota mpaka magunzi ya mahindi yaliyobaki chini ya banda la mzee, makavu kabisa. Mke wangu akabeba mzigo wake kichwani, nami nikabeba wangu kichwani vile vile, kwa sababu bega langu ni la gunia, kuni inalichoma. Pale kwa junction walikuwa vijana wa boda wamekaa kwa pikipiki zao wakingoja wateja.

"Ooi! Buda! Leo ndio wewe bibi?"

"Mathe, umempata wapi huyu? Unakodisha?"

Mke wangu akawajibu bila kusimama, "Huyu haendi kwa siku, anaenda kwa mwaka. Leteni deposit." Wakapiga honi zote pamoja. Mimi shingo ilikuwa imeingia kwa mabega, siwezi kuongea, lakini nilijisikia mrefu. Sijui kwa nini. Mtu anachekwa na bado anajisikia mrefu.

Tukafika nyumbani, nikaanza kupasua yale magogo manono ya wato. Pembeni, nikizunguka, kama ganda la mkate. Na unajua, ilipasuka. Shoka likiingia tu kuni inafunguka yenyewe, *pwaa*, na ndani ni nyekundu na kavu, ina harufu ya dawa. Nilipiga, nikapiga, mpaka watoto wakaenda kucheza kwingine kwa sababu hakukuwa tena na kichekesho.

Sasa shida ilikuwa kuchagua. Zingine juu kavu, ndani bado. Jicho langu halikuwa limefundishwa. Nikiwa hapo nje ya kachumba nikigonganisha vipande viwili bila kufikiria, sauti ikatoka ndani ya ukuta.

"Hiyo bado."

Nikasimama. Nikachukua zingine mbili, nikagonga. *Ting*, kama sahani.

"Hiyo sawa."

Nikagonga zingine. *Pup*, kama kofi kwa mgongo wa ng'ombe.

"Hiyo mrudishie mwenyewe."

Basi tukakaa hivyo. Mimi nje nagonga, yeye ndani analala chali na jicho lake limefunikwa anatoa hukumu. Sawa. Bado. Sawa. Sawa. Hiyo inadanganya. Sikujua kuni inaweza kudanganya. Nikaipasua, ndani maji. Kuku hatukumhitaji tena, alikuwa ameenda kutaga. Miaka yote niliyokuwa nimemwoa binti yake, mimi na huyo mama hatukuwa tumeongea maneno ya kujaza kikombe. Sasa tuliongea mpaka jua likashuka, na hakuna aliyevunja mwiko, kwa sababu ukuta ulikuwa pale na hatukuonana hata kidole. Ilifika mahali nikagonga na kabla hajasema nikasema mwenyewe, "Bado."

Ndani kitanda kikalia kidogo. Halafu, "Eeh."

Sijawahi kupewa cheti kwa maisha yangu. Hiyo "eeh" nimeiweka.

Ijumaa nikapasua vipande vyembamba zaidi na kuviweka kando ya ile gesi ya chai vipate joto. Gamu yote nikaibomoa, nikaipanga upya juu ya mawe isiguse udongo, vipande vimepishana, upepo unaingia huku unatokea kule. Juu nikaweka mabati, pembeni nikaacha wazi. Ukuta haukunyooka tena kama wa benki, ulikuwa na mashimo, ungeona jirani ng'ambo. Ilikuwa inaniuma kuangalia. Mkono wangu ulikuwa unataka kubananisha wenyewe.

Jumamosi asubuhi mama alikuwa amevaa nguo za safari na viatu. Mkoba uko kwa mapaja. Mke wangu akaenda jikoni kuwasha moto wa chai ya mwisho. Aliweka magunzi chini, vipande vyembamba vya wato juu, vinene vikifuata. Akapiga kiberiti kimoja. Mimi nilikuwa nyuma ya tangi langu la maji, mahali pangu, na nilikuwa naomba. Nimeomba vitu vingi kwa Mungu, lakini siku hiyo niliomba moshi usitoke, na nikaona hata Mungu atashangaa.

Moto ukashika. Ukanguruma kidogo, ukasimama wima, manjano kabisa. Juu ya ukuta, pale moshi unarukia, nikaangalia. Kulitoka uzi mmoja mwembamba, kama wa sigara ya mtu anayevuta kwa kujificha. Ukaisha.

Mama akakaa. Chai ikachemka. Mke wangu akamletea, akanywa. Akaomba ya pili. Halafu akamwambia mke wangu, "Maharagwe yale ya juzi, mliyamaliza?"

"Hapana, mama. Yalikuwa hayajaiva."

"Basi weka. Moto mzuri hauchomwi bure." Akavua viatu.

Mke wangu alikuja nyuma ya tangi. Alinipiga ngumi kwa mkono, ile mikono imefura, nikaruka. Halafu ndio akalia sasa.

Mama alikaa mpaka jicho la kwanza likapona, na akakaa mpaka la pili likapasuliwa. Yeye anapasuliwa, mimi napasua, tukawa tunaendelea hivyo kila mtu na daktari wake. Gamu ilikauka polepole kwa ule upepo. Nilijifunza kuona ncha ikianza kupata nyufa kama kisigino cha mtu mzee, hapo unajua imekubali. Mzee jirani alikuja siku moja akasimama kwa fensi, akaangalia stack yangu ya kuni kwa muda mrefu, na kesho yake nikamwona anaweka mawe chini ya kuni zake. Nilipita hapo mara nyingi siku hiyo bila sababu.

Siku kakifuniko ka jicho la pili kalitolewa, mama alitoka nje peke yake bila kushika ukuta. Mimi nilikuwa napanga kuni, sikuwa na pa kukimbilia, nikachuchumaa nyuma ya stack. Kwa sababu ina mashimo, sasa, nilikuwa naona gauni lake likipita. Akatembea upande mmoja, akarudi. Akavuta kipande kimoja kutoka katikati, akakigeuza, akakiangalia karibu kabisa na uso, halafu mbali, halafu karibu, kama mtoto amepewa kitabu cha picha. Akakirudisha mahali pale pale, sawa kabisa. Akaingia ndani.

Asubuhi ya kuondoka tukampeleka stage ya magari ya Kakamega. Mimi nilisimama nyuma ya gari, kwa heshima. Mke wangu akampandisha, akamwekea mkoba. Halafu nikaona kitu kinatolewa chini ya kitenge chake: kuni. Mzigo wa kuni umefungwa na kamba ya sisal, zile nyembamba nzuri nilizopasua mimi.

Makanga akashangaa. "Mathe, hizi ni nini?"

"Ni kuni. Weka juu."

"Unatoa kuni Eldoret unapeleka Kakamega? Kwani kwenu hakuna miti?"

"Miti iko," mama akasema, kwa sauti ile ya kufika mbali. "Wanawake wa kwetu waone vile mkwe wangu anapasua."

Makanga akazipandisha juu ya gari, akizigonganisha, zinalia kama sahani. Abiria wengine wakageuka kuangalia kuni, halafu wakaanza kuangalia wanatafuta huyo mkwe. Nikazunguka gari upande ule mwingine, nikazunguka tena, kila dirisha lilikuwa na mtu. Mke wangu alikuwa amekaa kwa ukuta wa stage anacheka amejishika tumbo.

Tulirudi nyumbani kwa miguu. Nilitoa shati, nikachukua shoka, nikapasua gogo lililokuwa limebaki la gamu, lile lenye fundo nilikuwa naliogopa. Hatukuwa na haja ya kuni siku hiyo, tulikuwa na za kutosha mpaka mwisho wa mvua. Nililipasua tu.